Picha Tulizoziona Mimi na Baba

Wako watu waendao sinema kwa ajili ya nyota wa mchezo, wako waendao kwa ajili ya ubaridi wa ukumbi na bisi zenye chumvi, na wako waendao kwa sababu wenzao wamekwenda. Mimi huenda na baba yangu. Yeye ni mzee aliyepita miaka 80, na masikio yake yamekufa karibu yote. Huenda msomaji akauliza, kiziwi ana haja gani ya kulipia tikiti katika nyumba ambamo nusu ya bidhaa inayouzwa ni sauti? Swali hilo niliulizwa na ndugu zangu, nami nilijiuliza mwenyewe kwa muda mrefu. Sasa naamini kuwa sijapata kukaa kando ya mwamuzi wa filamu aliye hodari kuliko yeye, na maoni nitakayoyatoa hapa juu ya filamu za miaka ya karibuni, nusu yake ni mali yake.

Kwanza inanipasa kueleza jinsi masikio hayo yalivyopotea, maana hayakuchukuliwa na uzee peke yake. Tangu mwaka wa 1966 mpaka mwaka wa 1996 baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufuma nguo. Mitambo ya kufumia haina adabu ya kunyamaza. Hupiga kelele tangu asubuhi mpaka jioni, na wafanyakazi huzungumza kwa midomo na mikono kama mabubu. Baba hakupewa kitu cha kujikinga. Alikuwa akiokota pamba sakafuni na kujiziba kwayo masikio. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 zilikataza mfanyakazi kukaa katika kelele ipitayo wastani wa desibeli 90 kwa saa nane katika siku moja, lakini kanuni hizo zilipotoka, baba alikuwa amekwisha kustaafu kwa miaka tisa. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa haviwezi kuota tena. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, yaani za watoto, za ndege, na za herufi kama s na f. Ngurumo na ngoma hubaki nyuma. Ndiyo maana baba husikia lori likipita barabarani asisikie mjukuu wake akimwamkia mlangoni.

Lakini picha alizipenda tangu zamani. Nakumbuka usiku mmoja wa mwaka wa 1982, kijijini kwetu upande wa Kilifi, gari la sinema lilipokuja na kutandaza shuka jeupe katika kiwanja cha shule. Kwanza tulionyeshwa matangazo ya sabuni na dawa za kichwa, kisha akatokea Charlie Chaplin na fimbo yake. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nami nilitazama nikiwa juu ya mabega ya baba, nikimsikia akicheka chini yangu mpaka nikatikisika kama niliyepanda punda. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua Kiingereza usiku ule. Bibi yangu, ambaye hakupata kuingia darasani hata siku moja, alicheka mahali pale pale alipocheka mwalimu mkuu.

Baba alipohamia kwangu Majengo, Mombasa, filamu ya kwanza niliyompeleka kuiona huko Nyali ilikuwa Oppenheimer, iliyotolewa Julai 2023. Ni kisa cha mtaalamu wa fizikia aliyeongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki la Marekani. Mwongozaji wake ni Christopher Nolan, na Machi 2024 ilipata tuzo saba za Oscar. Sina ugomvi na tuzo hizo. Nina ugomvi na saa tatu za wanaume wakizungumza vyumbani. Katika filamu hiyo wenye suti ni wengi kama siafu, na kila anapoingia mmoja ni sharti uyasikilize maneno yake ndipo umjue kuwa ni rafiki au adui. Baba hakuwa na njia ya kuyasikiliza. Akawa ananiuliza, "Huyu naye ni nani?" Na kwa kuwa yeye haisikii sauti yake mwenyewe, mnong'ono wake ni mbiu ya mgambo. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu walifyonya. Mara ya tano kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Mzee, nyamaza au utoke!"

Ningaliweza kumgeukia kijana yule. Sikumgeukia. Nilimgeukia baba yangu, nikaweka kidole juu ya midomo yangu kama mtu anavyomfanyia mtoto mtundu msikitini. Baba alinitazama, akaelewa, akakunja mikono yake juu ya mapaja, na hakusema neno tena mpaka mwisho.

Hata hivyo filamu hiyo ina dakika chache ambazo sitazisahau. Ni pale bomu la majaribio linapolipuka katika jangwa la New Mexico alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Nolan hakukimbilia mshindo. Alituonyesha moto kwanza, moto mkubwa ukipanda na kujikunja, pasipo sauti nyingine ila pumzi za watu, kwa sababu mwanga huenda mbio kuliko sauti. Tulikaa katika ukimya huo mpaka tukasahau kuwa kuna kitu kinachokuja. Kisha mshindo ukafika. Nilimwona baba akishika mikono ya kiti. Nyumbani, alipokuwa akivua viatu, alisema, "Ile moja niliisikia." Akagusa kifua chake.

Baada ya siku hiyo sikumpeleka tena kwa karibu mwaka mzima. Kila alipouliza, nilimwambia kuwa hakuna picha nzuri inayoonyeshwa. Huo ulikuwa uongo, na naona haya kuuandika. Filamu iliyotupatanisha nitaitaja mwisho, kwa kuwa yataka nafasi yake. Kwa sasa inatosha kusema kuwa tulirudi, na tangu tuliporudi nimejifunza desturi moja ambayo nawapendekezea wasomaji wa kitabu hiki. Katikati ya filamu yoyote, ziba masikio yako kwa vidole kwa muda wa dakika tano. Ikiwa bado unajua nani anampenda nani, na nani anamwogopa nani, hiyo ni picha. Ikiwa hujui, basi umelipa fedha ya sinema kusikiliza redio.

Kwa kipimo hicho Mufasa: The Lion King, iliyotolewa Desemba 2024 chini ya uongozi wa Barry Jenkins, ilianguka vibaya. Ni kazi ya ustadi wa ajabu. Kompyuta zimechora kila unywele wa simba na kila jani la nyasi, hata mtu adhani yuko Tsavo. Na hapo ndipo penye kasoro, maana simba wa kweli hana uso wa kununa wala wa kutabasamu kama wetu. Mapenzi na wivu wa wanyama wale vimewekwa vyote katika sauti na nyimbo, na ukiondoa sauti wanabaki simba wanaotembea. Baba alitazama kwa subira ya nusu saa, kisha akaniuliza, "Hawa wamekasirika au wamefurahi?" Nilitazama tena, nikaona kuwa bila masikio hata mimi sikujua.

The Wild Robot, iliyotangulia miezi michache katika mwaka huo huo, nayo ina wanyama wasemao, lakini mwongozaji wake, Chris Sanders, alitaka ifanane na picha za rangi zilizochorwa kwa mkono. Ilitoka katika kitabu cha Peter Brown cha mwaka wa 2016. Roboti aitwaye Roz anatupwa na dhoruba katika kisiwa kisicho na watu. Kwa bahati mbaya anaangukia kiota cha bata bukini, na yai moja tu linasalimika. Kifaranga anapoanguliwa, kiumbe cha kwanza anachokiona ni Roz, naye humfuata kama mama. Roboti huyo, aliyeundwa kwa ajili ya kazi za nyumbani, analazimika kumfunza mtoto wa watu kula, kuogelea, na kuruka kabla ya majira ya baridi kuwapeleka bukini mbali.

Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Huanza ngumu na angavu kama ya tangazo la kituo cha gari moshi, kisha hulainika kidogo kidogo mpaka ikawa sauti ya mzazi aliyechoka. Nilimhurumia baba kwa kuikosa. Kumbe yeye alikuwa akikitazama kitu ambacho mimi sikukiona. Roz hana mdomo, ana macho ya taa tu. Lakini mwili wake, ulioanza mweupe na safi, hupata mikwaruzo, tope na kuvu kwa kadiri anavyomlea mtoto, na mwisho hafanani tena na kitu kilichotoka dukani. Baba aliniambia, "Umeona alivyochakaa? Ndivyo ulezi ulivyo." Kisha akanikumbusha kuwa Chaplin naye alipata kumlea mtoto wa kuokota. Alisema kweli. Ni The Kid ya mwaka wa 1921, na ukiziweka filamu hizo mbili pamoja utaona kuwa zimepishana miaka zaidi ya 100 lakini zinafahamiana kama majirani.

Za kwetu Afrika ya Mashariki tulizitazama nyumbani. Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwanza Toronto mwaka wa 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka wa 1999, ambayo baba ameisoma mara mbili. Inasimulia habari za Yasmin, mke kijana anayeitoroka ndoa aliyochaguliwa, na Denge, mpigania uhuru, katika Unguja ya miaka ya 1950. Baba aliyajua yaliyotangulia na yatakayofuata, kwa hiyo alitazama kwa raha kama mtu aliyerudi mtaa wake wa zamani. Alipoona waimbaji wa taarabu alitikisa kichwa kwa mahadhi aliyoyakumbuka mwenyewe, na sidhani alikosea sana. Lawama yake ilikuwa kwamba kitabu ni bahari, na filamu imechota kikombe kimoja cha mapenzi. Mimi nasema kikombe chenyewe kimechotwa kwa mkono mtulivu. Kamera hukaa juu ya nyuso na kuta mpaka zikasema, na wapendanao wale wawili hawahitaji maneno mengi. Katika jambo hili hatujapatana mpaka leo.

Lakini tulipatana katika lawama nyingine. Filamu hiyo ni ya Kiswahili, na maandishi yaliyokuwa chini ya picha, katika nakala tuliyoipata, yalikuwa ya Kiingereza. Waongozaji wetu wana haki ya kuwatafuta watazamaji wa nje. Walakini kiziwi Mswahili anafungiwa mlango wa filamu ya lugha yake mwenyewe, ilhali mgeni wa mbali amewekewa kiti. Mtu mmoja mwenye subira na kompyuta angaliweza kuyaandika mazungumzo yale kwa Kiswahili katika siku chache.

Nawi, ya mwaka wa 2024, tuliitazama usiku mmoja wa mvua. Ndiyo filamu iliyochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar ya mwaka uliofuata. Msichana wa miaka 13 huko Turkana anafaulu vizuri sana mtihani wake, naye anatamani sekondari, lakini baba yake ameahidi kumwoza kwa mtu asiyemjua kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Michelle Lemuya Ikeny, aliyecheza kama Nawi, ana macho ambayo hayakubali kudanganywa, na nchi ile kavu inaonyeshwa kwa uzuri wake na ukali wake pamoja. Mahali pengine, hasa kuelekea mwisho, filamu inatunyoshea kidole na kutufundisha yale ambayo macho ya mtoto yule yalikwisha kutufundisha. Ningependa iuamini uso wake zaidi.

Nilikuwa nikifikiri maneno hayo ya uhakiki ndipo nikaona kiti cha baba ki tupu. Alikuwa ametoka kwenda kunywa maji, na hakurudi mpaka filamu ikaisha. Aliporudi alisimama mlangoni, akasema, "Sisi hatukupewa ngamia. Tulipewa cherehani." Nilifahamu kuwa anamsema dada yake, shangazi yangu, aliyetolewa shule mwaka wa 1959 akiwa darasa la nne, naye alikuwa wa kwanza darasani. Cherehani ile naikumbuka. Ilikuwa nyumbani kwa bibi, na nguo zangu za shule zilishonwa kwayo.

Sasa nafika kwenye ile iliyotupatanisha. A Quiet Place: Day One ilitoka mwishoni mwa Juni 2024, nayo ni ya kutisha. Mimi si mpenzi wa filamu za kutisha, na sikukusudia kumpeleka mzee wa miaka 80 kuangalia majoka ya angani. Lakini baba aliona gazetini picha ya Lupita akiwa amemkumbatia paka, akasema, "Hii je? Nayo pia si nzuri?" Sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

Filamu inaanza kwa kutuambia kuwa kelele za jiji la New York kwa wastani ni desibeli 90. Nilishtuka nilipoiona hesabu hiyo, maana ndiyo ile ile ya kanuni zetu za viwandani. Gizani nilichukua kiganja cha baba nikamwandikia kwa kidole, 90. Akasema kwa sauti yake yote, "Kama kiwandani!" Nikajikunja kitini.

Kisha wakashuka viumbe kutoka mbinguni. Ni vipofu, lakini husikia hata kikombe kikianguka, na yeyote atoaye sauti humrukia na kumwangamiza. Jiji lile lenye makelele likalazimika kunyamaza, na ukumbi wetu ukanyamaza nalo. Watu waliacha kutafuna bisi. Mtu mmoja aliyekuwa na kikohozi alikifia mkononi. Sijapata kusikia kimya kama kile mahali penye watu wengi. Na katikati ya kimya hicho, baba, akiwatazama viumbe wale wakitega masikio yao makubwa, akatangaza, "Kumbe hawa ndio waliochukua masikio yangu!"

Nilifumba macho nikingoja kufyonywa. Badala yake ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko cha watu waliofunguliwa kamba, na msichana aliyekaa mbele yetu akageuka na kumpa baba bisi zake. Alizipokea, akamshukuru, akaendelea kutazama.

Tangu hapo hakuniuliza hata mara moja, "Huyu naye ni nani?" Nilihesabu. Lupita ni Samira, mgonjwa wa saratani ambaye alikuwa akiishi katika nyumba ya kutunzia watu wasiotarajiwa kupona. Wengine wote wanakimbilia mashua za kuwaokoa, yeye anatembea kwenda upande mwingine, akiwa na paka wake, kutafuta kipande cha piza katika mtaa wa Harlem. Baadaye tunajua kwa nini. Alikuwa akienda huko na baba yake, mpiga piano, alipokuwa mtoto. Kwa kuwa hawezi kusema, mwigizaji huyo amebakiwa na macho, shingo na pumzi, navyo vinamtosha. Mwongozaji, Michael Sarnoski, amewajali watu wawili na paka kuliko majoka yenyewe, na amefanya vyema, maana majoka yakizidi wingi na kupanda maghorofa mimi huacha kuogopa. Paka naye ninamtilia shaka. Paka wa Majengo angalikwisha kuwaua wote katika dakika ya kwanza.

Msomaji ambaye hajaiona filamu hiyo na aruke hapa. Mwishoni Samira anatembea peke yake barabarani akiwa na waya wa muziki masikioni. Amekwisha kula piza yake, na paka amekwisha kumkabidhi kwa mtu mwema. Anauchomoa waya, na wimbo unamwagika katika mji ule mkimya. Baba aliyaona hayo yote. Aliona waya ukitoka, akaona uso wa mwanamke yule umetulia, akajua kinachokuja nyuma yake.

Tulipanda tuktuk kurudi kisiwani. Nilichukua kiganja chake nikaandika polepole, herufi baada ya herufi, samahani. Akauliza, "Ya nini?" Sikuandika zaidi. Akakaa kimya mpaka tulipokaribia Daraja la Nyali, kisha akasema, "Yule mwanamke, alipotoa waya, ulitoka wimbo?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Wimbo gani?"

Ulikuwa wimbo ulioimbwa na Nina Simone, ambao haungeweza kuandikwa kiganjani. Baba akaniinamishia sikio la kushoto, lile lenye uhai kidogo. Injini ilikuwa ikinguruma, upepo wa bahari ulikuwa ukiingia pande zote mbili, na dereva alikuwa na redio yake. Nikaweka mdomo karibu na sikio, nikaimba kadiri nilivyokumbuka. Dereva akapunguza redio ili asikie vizuri. Tulipofika katikati ya daraja baba aliinua kichwa, akatangaza kwa sauti iliyowafikia hata waendao kwa miguu kuwa sijajua kuimba tangu nilipokuwa mtoto, kisha akarudisha sikio lake mahali pale pale.